Mtoto Asiye na Ukoo: Sura Moja ya Historia ya Malezi Nchini

Katika sehemu nyingi za nchi yetu, mgeni anapofika kijijini huulizwa kwanza habari za safari, kisha huulizwa yeye ni mtoto wa nani. Swali hili la pili haliishii kwenye jina la mtu mmoja. Muulizaji anataka kujua ni watu gani watakaomlipia mgeni huyu akiharibu mali ya mtu, ni nani watakaomposea mke, atazikwa wapi, na ni nani watakaokaa matanga yake. Mtu mzima aliyeshindwa kulijibu swali hilo alitiliwa mashaka. Mtoto aliyeshindwa kulijibu alikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu mtoto asiye na wa kumdai huweza kudaiwa na yeyote.

Siku hizi habari za mtoto wa namna hii husomwa katika vitabu vya sheria, chini ya vichwa kama vile malezi ya kambo na kuasili mtoto. Wanafunzi wengi hudhani kwamba mambo hayo yaliletwa na wageni, na kwamba wazee wetu hawakuyahitaji kamwe kwa vile kila mtoto alikuwa wa wote. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli. Nchi yetu ina historia ndefu ya kulea watoto wa wengine, na sehemu moja ya historia hiyo ni chungu sana. Tena, tukiichunguza vizuri, tutaona kwamba chakula na mahali pa kulala vilipatikana mara nyingi, hata katika nyakati mbaya. Lililokuwa gumu kupatikana ni jina.

Tuanze na desturi. Kumpeleka mtoto akalelewe nje ya nyumba ya wazazi wake lilikuwa jambo la kawaida, wala halikungoja kifo. Mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa aliweza kupelekwa kwa bibi yake, amchotee maji na kumwashia moto, naye bibi amfundishe hadithi, vitendawili na adabu. Mke aliyekosa uzazi alipewa mtoto wa nduguye. Miongoni mwa watu waliohesabu ukoo kwa upande wa mama, kama Wayao, Wamakua, Wamwera na Wamakonde, mjomba alikuwa na amri juu ya mtoto kuliko baba, hata mgeni akashindwa kusema ni nani hasa mzazi na ni nani mlezi. Penye ukoo wa upande wa baba, aghalabu mahari ndiyo iliyoamua mtoto ni wa nani. Wakurya wa Mara wanayo desturi iitwayo nyumba ntobhu, ambayo kwayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mke kwa ng'ombe wake mwenyewe, na watoto watakaozaliwa na mke huyo huhesabiwa kuwa wa nyumba yake. Wageni wengi wameistaajabia desturi hiyo bila kuielewa, ilhali kusudi lake ni wazi: jina la nyumba lisizimike, na mali isikose wa kuirithi.

Katika desturi hizi zote mtoto alihama nyumba bila kuhama ukoo. Jina lake, mizimu yake, miiko yake na fungu lake la urithi vilibaki palepale, au viliamuliwa mbele ya wazee waliojuana. Kwa hiyo haikuhitajika karatasi, na neno letu moja la kulea lilitosha kwa yote. Methali isemayo kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, ilitungwa na watu waliojua kwamba kazi hizo mbili huweza kufanywa na watu wawili tofauti. Hata hivyo tusiyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Palikuwa na baba wadogo waliokula mali ya marehemu na kumwacha yatima uchi. Palikuwa na nyumba ambamo mtoto wa kulelewa alitangulia kuamka na kuwa wa mwisho kula. Hadithi za mama wa kambo, ambazo hazikosekani karibu katika kabila lolote, hazikutungwa bure.

Pwani na visiwani jambo hili liliongozwa pia na sheria ya Kiislamu, nayo inastahili kuelezwa kwa uangalifu kwa kuwa mara nyingi hueleweka vibaya. Uislamu unasifu sana kumlea yatima, na papo hapo unakataza mtoto kuitwa kwa jina la mtu asiyemzaa. Habari hizo zimo katika Sura ya Al-Ahzab, na kisa chake ni cha Zaid bin Haritha, aliyekuwa akiitwa mwana wa Mtume, kisha akarudishiwa jina la Haritha, baba yake mzazi. Mtoto wa kulelewa hana fungu katika mirathi ya mlezi wake, lakini mlezi aweza kumwachia kitu kwa wosia, mradi kisizidi theluthi ya mali. Tena, mwanamke akimnyonyesha mtoto mchanga wa mwingine, mtoto huyo huwa ndugu wa watoto wake, nao hawawezi kuoana. Hapa twaona watu waliolifikiri jambo hili kwa kina: malezi yalifungua mlango wa huruma na hata wa undugu, bali nasaba ya mtoto ililindwa isifutwe na wema wa mtu yeyote.

Lakini kulea na kumiliki ni majirani. Wakati wa njaa kali mzazi aliweza kumpeleka mtoto kwa mtu mwenye nafaka, akamweka rehani mpaka mavuno. Hivyo ndivyo walivyofanya watu wengi wa pwani katika njaa iliyoanza mwaka 1884. Kwa maneno, mtoto yule alikuwa akitunzwa. Alikula chakula cha nyumba ile na kufanya kazi za nyumba ile. Mvua ikikosekana mara ya pili, mzazi hakuwa na cha kumkombolea mwanawe, na mlezi akageuka bwana. Wengine waliuzwa mbali na hawakuonekana tena. Huo ulikuwa mlango mdogo wa kumtoa mtoto katika ukoo wake, na walioupita walipelekwa na mikono ya wazazi wao wenyewe, ambao tusiwalaumu kwa haraka.

Mlango mkubwa ulikuwa ule wa biashara ya utumwa. Katika karne ya 19 mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalihitaji watu kila mwaka, na misafara iliwaleta kutoka nchi za Ziwa Nyasa, Ruvuma na hata Manyema. Miongoni mwao watoto walikuwa wengi. Mtoto hana nguvu ya kutoroka, hujifunza upesi lugha ya bwana wake, na baada ya miezi michache hajui tena njia ya kurudi. Mtoto wa miaka sita anaijua nchi yake kwa jina la mto uliokuwa nyuma ya nyumba na jina la mlima walikochungia mbuzi. Afikapo pwani hapana anayeyajua majina hayo. Basi hata siku alipopewa uhuru wake, uhuru huo haukuweza kumrudisha kwao. Ndipo kwa mara ya kwanza, na kwa wingi, wakatokea watu ambao desturi zetu hazikuwa na jibu kwao: watoto ambao ukoo wao ulikuwa hai mahali fulani, lakini hapana aliyeweza kuutafuta.

Mwezi wa Agosti 1864 walifika Unguja Askofu William Tozer na Daktari Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wengi huijua kwa herufi UMCA. Muda si mrefu Sultani Majid bin Said aliwakabidhi wavulana watano waliokamatwa katika jahazi lililokuwa likisafirisha watumwa. Wageni hao walikuwa hawajajua lugha, hawakuwa na shule, na sasa walikuwa walezi. Wawili kati ya wavulana hao, John Swedi na George Farajallah, walipewa daraja ya chini ya utumishi wa kanisa mwaka 1870. Farajallah alifariki baada ya muda mfupi. Swedi aliendelea na kazi, akafanywa shemasi mwaka 1879.

Naomba msomaji ayatazame majina hayo. John na George ni majina ya ubatizo, yaliyotolewa na walezi Waingereza. Swedi na Farajallah ni majina ya pwani yenye asili ya Kiarabu, ya namna ile ambayo watumwa wengi walipewa na mabwana zao au na wauzaji. Hilo la pili maana yake ni faraja itokayo kwa Mungu, na sijui aliyempa mtoto huyo alikuwa akimfikiria nani aliyefarijika. Jina lile ambalo mama yake alimwitia, akiwa kijijini, halimo. Mtoto ana majina mawili, yote ya kupewa na watu waliomkuta njiani.

Baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na manowari za Kiingereza zikazidi kuyakamata majahazi yaliyoendelea na biashara hiyo kwa siri. Watu waliotolewa majahazini waliitwa mateka. Neno hilo lina haki yake: mtoto alitekwa na watu wa msafara, kisha akatekwa na mabaharia wa Kiingereza, na mara zote mbili hakuulizwa. Walipewa hati za uhuru, na watoto wengi miongoni mwao Balozi wa Kiingereza aliwagawa kwa misheni. Wavulana wa UMCA walikaa Kiungani na wasichana Mbweni, ambako Bibi Caroline Thackeray aliiongoza shule tangu mwaka 1877 mpaka 1902. Maisha yalikwenda kwa kengele: sala, masomo, kazi za shamba, ushonaji kwa wasichana, uchapaji kwa baadhi ya wavulana. Kwa lugha ya leo tungesema hayo yalikuwa makao ya watoto. Chakula kilikuwepo, na dawa, na kitabu. Walimu wengine waliwapenda wanafunzi wao kwa dhati, wakazeeka na kufia Unguja pamoja nao. Lakini bweni si ukoo, na jambo hilo lilijulikana siku ya kuoa.

Msichana wa Mbweni akiposwa, ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kusema ndiyo? Mahari ikabidhiwe nani? Akigombana na mumewe arudi kwa nani? Misheni ililazimika kujaza nafasi hizo zote. Makasisi na walimu wakawa wazee, washenga na mashahidi, na vijana wa Kiungani wakapata wake Mbweni. Ndoa hizo zilikuwa namna ya kuanzisha ukoo palipokuwa hapana ukoo. Mfano ulio maarufu ni wa Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akachukuliwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa Unguja, kisha akakombolewa na kulelewa na misheni. Alipelekwa kusoma Canterbury, Uingereza, na mwaka 1890 akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo kupata daraja hiyo. Mkewe, Lucy Magombeani, alitoka katika shule ya Mbweni. Majaliwa alifanya kazi miaka mingi Chitangali, miongoni mwa Wayao wa kusini. Watu huandika kwamba alirudi kwao. Ni kweli alirudi kwa watu wa kabila lake. Lakini kabila ni kubwa, na ukoo ni watu wanaokujua kwa sura ya babu yako.

Steere mwenyewe, aliyekuwa askofu wakati huo, alitambua kwamba Unguja haikuwa nyumbani kwa watu hawa. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliopewa uhuru kutoka Unguja, kwa nia ya kuwapeleka karibu na nchi za Nyasa walikotoka. Walipofika Masasi waliipenda nchi, wakakaa, na ndivyo ulivyoanza mji wa misheni ya Masasi. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa huko Magwangwara, waliuvamia, wakaua na kuteka watu. Baadhi ya waliotekwa walikuwa wametekwa mara ya kwanza wakiwa watoto.

Yapo maandishi ya watoto wenyewe, na walimu wa historia wafanye kila juhudi kuyatumia. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha London kitabu kiitwacho Kiungani, ambacho ndani yake wavulana wa shule hiyo wanasimulia nchi walizozaliwa, mila za kwao, jinsi walivyokamatwa na safari zao mpaka Unguja. Waliandika kwa Kiswahili, naye Madan akafasiri kwa Kiingereza. Ushahidi wa mabalozi na wasafiri juu ya biashara ya utumwa tunao tele. Ushahidi wa mtoto aliyebebwa katika msafara ni adimu, na katika kitabu hicho umo. Msomaji atambue tu kwamba waliandika wakiwa chini ya macho ya walezi wao, na mtoto wa kulelewa hujifunza mapema mambo gani humpendeza mlezi.

Unguja haikuwa peke yake. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliotangulia kufika kisiwani, walihamishia nguvu zao Bagamoyo mwaka 1868. Huko walikusanya watoto waliokombolewa, wakagawa siku yao kati ya shule na jembe, na walipokua wakawaoza na kuwapa nyumba na kiwanja katika kijiji cha Kikristo kando ya misheni. Tufani kubwa ya Aprili 1872, ile iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja, iliyabomoa majengo yao, nao wakaanza upya. Huko Mombasa, Waanglikana wa shirika la CMS walianzisha Frere Town mwaka 1875. Mji huo ulipata walimu wake wa kwanza kutoka mahali ambapo mtu hakutarajia, yaani India. Watoto wa Kiafrika waliotolewa majahazini zamani zaidi walikuwa wamepelekwa Bombay, wakasomeshwa Nasik, na sasa walirudishwa Afrika wakiwa watu wazima, wenye ujuzi wa ufundi na majina ya Kizungu. Mmoja wa wanafunzi wa Nasik, Jacob Wainwright, ndiye aliyeusindikiza mwili wa Livingstone mpaka Uingereza mwaka 1874. Kizazi cha watu wa Frere Town kilihifadhiwa katika maandishi ya Kiswahili na James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa waliopewa uhuru. Kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilitoka mwaka 1934, na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Afrika ya Mashariki vilikisoma.

Kuna jambo moja ambalo watoto hawa waliliachia taifa, nalo ni la lugha. Katika bweni moja la Kiungani walilala Myao, Mmakua, Mnyasa na Mbisa. Hawakuwa na lugha ya mama iliyo moja. Kiswahili cha Unguja kikawa lugha ya mchezo wao, ya ugomvi wao na ya sala zao. Steere, aliyetoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, na Madan, aliyetoa kamusi zake miaka ya 1894 na 1903, walifanya kazi yao wakizungukwa na vijana hawa, wakisikiliza na kuuliza, na baadhi ya vijana ndio waliopanga herufi katika kiwanda cha uchapaji cha misheni. Kiswahili kina wenyewe tangu kale, watu wa pwani na visiwa, na hapana haja ya kuwanyang'anya heshima hiyo. Lakini Kiunguja kilipochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, sababu mojawapo ilikuwa kwamba vilikwishakuwako vitabu vingi vilivyoandikwa kwa lahaja hiyo. Watoto waliopokonywa lugha za mama zao walikuwa na mkono katika vitabu hivyo.

Hali ya utumwa ilikomeshwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Nyumba zile za misheni zikabadilika, zikawa shule za kawaida na vyuo, na watoto waliopata kulelewa humo wakawa mababu wa watu tunaoishi nao. Kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni mtoto asiye na wazazi alirudi kuwa jambo la ukoo au la misheni, na serikali haikujishughulisha sana.

Katika miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuasili watoto iliyofuata mfano wa Uingereza. Sheria hiyo ilimpa mwombaji mtoto kwa amri ya mahakama, na kwa amri hiyohiyo haki zote za wazazi waliomzaa zilikatwa. Waafrika waliokwenda mahakamani kuitumia walikuwa wachache, na si ajabu. Mtu aliyekwisha kumlea mtoto wa marehemu dada yake hakuona kwa nini aende kwa jaji kuomba kilicho chake. Na kumchukua mtoto wa watu usiowajua, ukakata shina lake, kulionekana karibu na kuiba. Hata neno lenyewe lilisumbua. Wengi walisema mtoto wa kupanga, na usemi huo umo katika kamusi. Mimi sikuupenda kamwe, kwa kuwa mpangaji ni mtu anayeweza kufukuzwa kodi ikikosekana. Neno kuasili, ambalo ndilo lililoshika katika sheria za leo, lina busara zaidi: mtoto hupewa asili.

Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alieleza katika maandishi yake ya mwaka 1962 kwamba ujamaa wetu chimbuko lake ni jamaa, yaani ukoo ambao ndani yake hapana anayeachwa. Wakati huohuo serikali ilijua kwamba miji inakua na kwamba wapo watoto ambao jamaa zao hawaonekani. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya kusimamia makao ya watoto, na serikali yenyewe iliendesha makao Kurasini, Dar es Salaam. Mawazo haya mawili, ukoo usiomwacha mtu na makao ya wale walioachwa, yalikaa pamoja bila kugombana, kwa sababu watoto wa makao walikuwa bado wachache.

Yaliyovunja utulivu huo ni maradhi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata ugonjwa ule uliwaondoa baba, mama, baba mdogo na shangazi, yaani wale wote ambao desturi iliwategemea. Bibi mwenye umri wa kutunzwa alijikuta akitunza wajukuu wa nyumba tatu. Mtoto wa darasa la tano akawa mkuu wa nyumba. Ukoo haukukataa kulea, ulikwisha watu. Mashirika mengi ya ndani na ya nje yalifungua makao, mengine mema na mengine ya kutilia shaka, na baadhi yaliwachukua watoto ambao bado walikuwa na bibi au mjomba hai.

Katika hali hiyo ilitungwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa Tanzania Bara. Sheria hiyo ilizifuta zile za zamani za kuasili na za makao, ikayaweka mambo yote chini ya kichwa kimoja. Inatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Malezi ya kambo ni dhamana: ofisa ustawi wa jamii humweka mtoto katika nyumba ya mtu aliyechunguzwa na kuonekana anafaa, huendelea kumtembelea, na dhamana hiyo huweza kukoma. Kuasili ni amri ya Mahakama Kuu, ambayo humfanya mtoto awe wa nyumba ile kana kwamba alizaliwa humo, pamoja na urithi. Mwombaji asiye jamaa sharti awe na umri uliozidi miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Jamaa wa mtoto hutakiwa awe amezidi miaka 21. Kabla ya amri kutolewa, mtoto hukaa kwanza na mwombaji, ili ionekane kama wanapatana. Katika kipindi hicho mlezi wa kambo na mtoto hutazamana kwa hofu iliyo sawa kwa wote wawili, na walimu wenye watoto wa namna hiyo darasani waifahamu hofu hiyo kabla ya kuwaadhibu kwa utukutu. Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 2011, nayo imeipa nafasi kafala, yaani malezi yasiyobadili nasaba, kama ilivyoelezwa hapo juu katika mafundisho ya Kiislamu.

Ipo sehemu katika sheria ya Bara isiyosomwa sana, nami naiona kuwa na uzito kuliko zote. Inamwelekeza mzazi aliyeasili amweleze mtoto kwamba aliasiliwa, na amweleze alikotoka, pindi mtoto anapokuwa na umri wa kuelewa na ikiwa habari hizo ni kwa manufaa yake. Wazazi wengi huogopa siku hiyo. Wengine huhama mtaa ili majirani wasije wakasema kwanza. Wasimamizi wa sheria nao wanajua kwamba mara nyingi hapana mengi ya kueleza. Mtoto mchanga anapookotwa, polisi huarifiwa, hupelekwa hospitali, jamaa zake hutafutwa, na wasipoonekana aghalabu hupewa jina na muuguzi au ofisa aliyempokea. Jina hilo huandikwa katika faili pamoja na tarehe, mahali alipookotwa, na nguo aliyokuwa amefungiwa. Ofisa mwenye kuijua kazi yake huandika hayo kwa ukamilifu, hata rangi ya khanga, kwa sababu baada ya miaka 20 huenda mtu mzima akaingia ofisini, akaketi, na kuomba asomewe.